Trela kwenye njia ya mtaa: "wanatambaa tu" haitoshi

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Chaani, hapa Mombasa, nalifupisha: "Injinia, tangu yadi ya makontena ifunguliwe nyuma ya mtaa wetu trela zimefanya njia yetu ya kabro kuwa ya mkato. Jioni barabara kubwa ikishika jemu zinaingia huku moja nyuma ya nyingine. Mume wangu asema hazina hatari manake zinatambaa tu, haziwezi kukimbia huku. Mwanangu yuko gredi ya 2 na hapo ndio apita kwenda skuli. Je ni hatari kweli ama ni vumbi na kelele tu zinatukera? Na tukichangishana tuweke matuta yatasaidia?"

Dadangu, asante kwa swali, na asante zaidi kwa kuniandikia alivosema mumeo, kwa sababu hilo la "wanatambaa tu" nalisikia kila mtaa uliopakana na bandari, ukianza hapo kwenu Chaani uende Magongo, Miritini mpaka Jomvu, na ndilo linalofanya watu walegee. Mwendo mdogo unasaidia sana kwa gari ndogo. Mtu akigongwa na saluni inayokwenda kilomita 15 kwa saa ataumia lakini mara nyingi atainuka. Lakini mtu aliyeingia chini ya ekseli za nyuma za trela, hata kama ilikuwa inakwenda mwendo wa mtu anayetembea, hapo hakuna tofauti, kinachoua ni uzito. Na trela ikiingia mtaani madhara yake makubwa hayatokei ikiwa mbioni, yanatokea ikikata kona, ikirudi nyuma na ikianza kuondoka baada ya kusimama. Zote tatu ni za mwendo wa kutambaa, kwa hivo mumeo ameona kitu cha kweli ila amekisoma kinyume.

Nikueleze hio ya kona pole pole manake ukiielewa hio mengine yote utayaelewa.

Kona za mitaa yetu ni zile zile, ukuta wa nyumba upande huu, kibanda cha mboga ama cha mpesa upande ule, na mtaro ulio wazi. Dereva wa trela anataka kukata kushoto. Hawezi kukata moja kwa moja kama matatu, kwanza lazima avute kichwa cha trela, ile sehemu ya mbele yenye injini, kulia, tena kulia sana, mpaka aliye nyuma yake adhani ama anaenda kulia ama amempisha. Kushoto panafunguka nafasi nzuri tu, bodaboda anaiona, na bodaboda akiona nafasi haulizi, anapenya na abiria wake. Sasa kichwa kinaanza kurudi kushoto. Tairi za mbele zinapita mbali kabisa na kona, ukiziangalia hizo utasema jamaa ameimaliza vizuri, lakini tairi za nyuma hazifuati pale zilipopita za mbele, zinakatiza kwa ndani, zinasogea kuelekea ule ukuta kidogo kidogo na yule bodaboda yuko katikati. Hakuna mlio wa breki wala honi, ile nafasi inafungika tu. Dereva naye saa hio kioo chake cha kushoto kichwa kikishapinda kimejaa ubavu wa kontena, haoni kingine, na macho yake mara nyingi yako kulia mbele asikwangue gari ya mtu ama nguzo ya stima. Hata akisikia watu wanapiga kelele, mpaka aelewe wanamuita yeye na asimame, tairi zishamaliza safari yao.

Kwa vipimo ni hivi. Ulaya sheria inataka lori liweze kuzunguka ndani ya duara ambalo ukingo wa nje ni mita 12.5 kutoka katikati na ukingo wa ndani mita 5.3, yaani hata lori lililopita mtihani lina ruhusa ya kufagia upana wa mita 7.2 likiwa linazunguka. Nenda na futi mkakipime nyinyi wenyewe hicho kipande chenu. Njia nyingi za mitaani zina mita 5 ama 6, halafu toa pikipiki zilizoegeshwa, toa kibanda, toa mchanga wa mtu anaejenga. Kinachobaki hakitoshi trela peke yake sembuse trela na mtoto. Ndio maana mnaona kingo zimemomonyoka na ukuta wa yule jirani wa konani una mikwaruzo kila siku. Ile mikwaruzo isomeni, inawaonyesha tairi za nyuma zinapita wapi, na kama ukutani imefika basi na mtu aliyesimama hapo imemfikia.

Mbele ya kichwa nako kuna shida yake. Huku kwetu dereva anakaa kulia, juu sana, na kioo cha mbele kinaanza juu ya kichwa cha mtu mzima aliyesimama chini. Mtoto wa gredi ya 2 akipita karibu na bampa dereva hamuoni, si kwamba hakuangalia, hamuoni kabisa mpaka mtoto asogee mita kadhaa mbele. Kushoto ubavuni karibu na mlango wa taniboi, yule msaidizi wa dereva, ni vile vile. Trela mpya zina vioo vya ziada vya kuangalia chini, vile vinavyoning'inia juu ya kioo cha mbele na juu ya mlango wa kushoto, lakini hizi nyingi zinazofanya kazi za bandari hapa hapa mjini ni kuukuu na hivo vioo vishavunjika ama havikuwahi kuwepo. Kwa hivo ile hali ya trela imesimama kwenye foleni mtaani kwenu, watoto wanapita mbele yake kwa sababu wanaona imesimama, halafu foleni inasogea na yeye anaachia klachi, hio hunitia hofu kuliko trela inayopita mbio kwenye barabara kubwa.

Na si ati barabara kubwa ni salama. Londiani, Juni 2023, lori lenye kontena liliacha njia likaingia stejini na watu zaidi ya 50 wakafa, na pale ni barabara kuu. Kilichoua pale ndicho kitakachoua mtaani, mzigo mzito umekutana na watu wa miguu bila kitu chochote katikati. Tofauti ni kwamba barabara ya mizigo inaweza kutengenezwa iwatenge, unaweka ukingo, unaweka nafasi pembeni, kona unaipa upana, stendi za matatu unazivuta ndani, kivuko cha juu unajenga, na ikishindikana angalau dereva anaona mbali. Njia ya mtaa haina hata kimoja katika hivo na haitakuwa navyo, kwa sababu ni uwanja wa watu, mlango wa nyumba umefunguka barabarani, mtu anakaanga bhajia pembeni, mpira unatoka uani. Trela ni ile ile na dereva ni yule yule, ila vile vitu vilivyokuwa vinakukinga nae amevivuka.

Hii si fikra yangu mimi. London tangu 1985 malori ya zaidi ya tani 18 yamewekewa mipaka usiku na wikendi, lazima lishike barabara zilizotajwa mpaka karibu kabisa na linakokwenda ndio liingie njia ndogo, na kwa umbali mfupi zaidi unaowezekana. Marekani nako sheria ya 1982 ilitaja mtandao wa barabara za malori makubwa, na nje ya huo mtandao ni kuingia kufuata mzigo, mafuta, chakula ama kulala na kurudi. Neno zito hapo ni kurudi. Kuingia mtaani kwa sababu una mzigo wa kushusha ni haki, kuingia kwa sababu jemu imekuudhi si haki. Shika hio tofauti, nitairudia chini kwa sababu dawa zake ni mbili mbalimbali.

Nigusie na njia yenyewe. Sheria ya mizani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu mpaka tani 56 kwa gari lenye ekseli 7, na tani 10 kwa ekseli moja yenye tairi nne. Wahandisi wanatumia kanuni iliyotokana na majaribio ya Illinois, Marekani, ya 1958 mpaka 1960, kwamba uharibifu wa barabara unapanda kwa uzito wa ekseli ukizidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nne. Ekseli ya tani 10 ukiilinganisha na ya gari ndogo, tuseme tani 0.7, hesabu yake inapita mara 40,000. Trela moja ikipita mara moja tu! Kabro za mtaa zimelaliwa juu ya mchanga na kifusi kwa ajili ya pikapu na tuktuk, kwa hivo zikianza kuzama na kufanya mikondo miwili msimtukane kontrakta peke yake. Mifuniko ya mitaro itapasuka, na bomba la maji likiwa halikuzikwa chini sana nalo litapasuka. Halafu tazameni juu: kontena refu, lile la mita 2.9, likiwekwa juu ya trela yenye kimo cha karibu mita 1.5 unapata mita 4.4, na waya za stima za kuingia majumbani huku kwetu zinaning'inia mtu akipenda. Mukiona waya umenaswa na kontena asiguse mtu trela hio, na dereva abaki ndani mpaka watu wa stima wakate umeme, isipokuwa kukiwa na moto.

Njia mbovu inaleta hatari nyingine ambayo watu wa mtaani hawaijui. Kontena halikufungwa kwa kamba, linashikwa na kufuli nne konani, madereva wanaziita twistiloki, ukubwa wake kama ngumi, unazizungusha kwa mkono mpaka zifunge. Zikiwa zimefungwa zote nne kontena na trela ni kitu kimoja. Wapo madereva ambao hawazifungi, wengine kwa uvivu wa kuzifungua kwenye yadi, wengine kwa imani kwamba kontena likianguka lianguke peke yake lisiangushe na gari. Kwenye lami sawa unaweza kwenda hivo miaka. Kwenye njia ya mtaa tairi za kushoto zikitumbukia mtaroni, trela inajipinda, na kontena lenye tani 20 na kitu linatafuta pa kwenda. Hii mnaweza kuiangalia wenyewe bila kumuuliza mtu, trela ikisimama tazama ile kona ya chini ya kontena, mkono wa kufuli ukiwa umelala upande mmoja na zote zinafanana ni dalili nzuri, ukiona moja imekaa tofauti na zile nyingine ama ukaona mwanga kati ya kontena na trela, ondoa watu pembeni na umwambie dereva, tena umwambie kwa adabu, wengi watashuka waifunge papo hapo.

Sasa matuta. Najua mshaanza kuchangishana lakini mimi nawaomba msubiri. Matuta yanapunguza mbio, na nshasema mbio si ugonjwa wenu mkubwa. Trela ikipita juu ya tuta nyumba zilizo karibu zinatikisika, kontena tupu linapiga kelele ya kuamsha mtaa, kabro inachimbika haraka zaidi pale tairi zinaposhuka, na zile kufuli nilizozitaja zinapata mtihani mwengine. Baya zaidi, bodaboda na tuktuk wanakwepa tuta kwa kupita pembeni, pale pale watoto wanapotembea. Na tuta la kujijengea bila idhini, mtu akianguka usiku mtatafutwa nyinyi. Hizo pesa zina kazi nyingine.

Kabla ya dawa mjue kwanza wanaingia kwa nini. Dereva wa trela si adui wenu, wengi wanalipwa kwa tripu, akikaa saa tatu kwenye foleni hizo ni saa zake. Kontena tupu lina siku ya kurudishwa, ikipita meli inatoza kwa kila siku na bosi anampigia simu yeye. Mwengine ametoka Uganda ama Rwanda anafuata ramani ya simu, na ramani ya simu inamuongoza kama anaendesha gari ndogo, haijui ana kontena mgongoni. Mwengine hana pa kulala, uwanja wa kuegesha umejaa. Na wapo pia wanaokwepa askari na mizani kwa kuwa wamezidisha, hao ni kundi lao. Mzigo tangu Septemba 2022 umerudi kutolewa hapa hapa Mombasa badala ya kulazimishwa kupanda treni, mji umefurahi kwa sababu kazi zimerudi na mimi nimefurahi pia, lakini trela nazo zimerudi na mitaa haikupanuka. Barabara ya Dongo Kundu kile kipande cha Miritini mpaka Kipevu kilifunguliwa 2018 kwa kusudi hili hili, magari ya bandari yatoke bila kupita raundabauti ya Changamwe. Kwa hivo kwa wengi wao njia ya halali ipo, ila kwa jioni ile mtaa wenu unaonekana mfupi.

Kazi ya kwanza basi ni kujua wanaopita kwenu ni wa kupitia ama wanakwenda yadi ile. Chagueni wiki moja, vijana wawili watatu walio makini wakae kwenye vibaraza viwili, mwanzo wa njia na mwisho, waandike saa, nambari ya gari, jina lililo mlangoni, lina kontena ama tupu, na limetokea upande wa pili ama limeishia yadini. Picha zipigwe mkiwa pembeni, si kusimama mbele ya gari, na msibishane na mtu. Muangalie pia kama ubavuni limeandikwa "Transit Goods", manake mzigo wa kwenda nchi nyingine una njia zake zilizotajwa na forodha, unafungwa kifaa cha kielektroniki cha kufuatiliwa, na KRA, mamlaka ya ushuru, wanaona likitoka njiani. Gari kama hilo mtaani kwenu ni ripoti ya haraka kwa sababu pale kuna watu wanaolipwa kulijali. Mzigo wa hapa nchini kwa kawaida haufuatiliwi hivo.

Mkikuta wengi ni wa yadi, msianze kwa barua ya kaunti, anzeni kwa meneja wa yadi. Nendeni wachache, na mzee wa mtaa, na yale makaratasi ya wiki nzima. Yadi ndio inampa dereva saa ya kuingia, inaweza kumwambia usifike kabla sijakuita, inaweza kumfungulia ndani asubiri badala ya kupanga foleni mlangoni kwenu, inaweza kubandika kibao cha njia anayotakiwa na kumkatalia geti anaetokea upande wa mtaa. Hilo la kumkatalia geti ndilo lenye nguvu kushinda askari kumi, kwa sababu mkato ukimleta kwenye geti lisilofunguka haurudii tena. Akigoma meneja, ulizeni maswali mawili kwa maandishi: ardhi ile ilibadilishwa matumizi lini na kaunti kutoka ya makazi, na ripoti ya mazingira iliyopelekwa NEMA, mamlaka ya mazingira, ilisema malori yatapita wapi. Majibu yote mawili yanatakiwa kuwepo, na mradi kama huo wananchi wa jirani wanatakiwa kuwa waliulizwa. Kama hamkuulizwa, hapo mna mguu wa kusimamia.

Mkikuta wengi ni wa kupitia, dawa ni kuifanya njia isipitike kwa trela. Katiba ya 2010 imeweka barabara za kaunti pamoja na trafiki na maegesho mikononi mwa kaunti, kwa hivo ikiwa njia yenu ni ya kaunti ombi linakwenda huko kupitia MCA wenu, yaani mwakilishi wa wadi, na sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inampa mtu yeyote haki ya kupeleka ombi kwa bunge la kaunti. Ikiwa ni ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini, nendeni KURA, ulizeni kwanza msije mkapoteza miezi mkitupwa huku na huku. Watu wengi wanaomba kile chuma cha juu cha kuzuia urefu. Mimi sikipendi kwenye njia yenye pande mbili tu za kuingilia, zimamoto nao ni warefu, na usiku wa moto hakuna anaejua aliye na ufunguo. Ombeni kona ibanwe. Ile hesabu ya mita 7.2 sasa iwafanyie kazi nyinyi: nguzo za zege ama ukingo ulioinuliwa konani, zilizopangwa na mhandisi wa kaunti kwa vipimo, zinaacha gari la zimamoto, la takataka na la kunyonya choo lipite kwa sababu hayo ni mafupi na hayana kiungo katikati, lakini trela ya futi 40 haiwezi kuimaliza kona. Hapo ndipo pesa zenu za matuta ziende kama kaunti itakubali kuchangia, pamoja na kibao kikubwa mwanzo wa njia, mwanzo kabisa, kabla dereva hajaingia. Kibao kikiwekwa katikati ya mtaa ni hatari mpya, manake akishaingia na akaambiwa hapiti atarudi nyuma, na trela inayorudi nyuma mtaani ndio ile ya pili katika zile tatu nilizokutajia.

Kwa sababu hio hio nawasihi msichome tairi wala kuweka mawe. Najua hasira, lakini trela iliyozuiwa katikati ya nyumba haiyeyuki, dereva akiogopa atarudi nyuma bila taniboi kushuka. Ikitokea imekwama, mtu mmoja mzima amtafute taniboi ashuke asimame upande wa kushoto nyuma pale dereva anapomuona kwenye kioo, na wengine kazi yao iwe kuondoa watoto, basi. Mtu asiyeonekana kiooni asielekeze.

Na kama kati ya hizo zinazopita kuna tangi za mafuta ama gesi, hio isisubiri wiki. Tangi likiwa na kibao cha rangi ya chungwa, 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli, 1075 ni gesi ya kupikia. Tangi lililojaa nusu linayumba ovyo konani kwa sababu mafuta yanakimbia upande, na mtaani kila mlango una jiko. Piga picha, peleka polisi siku hio hio. Likianguka, mafuta yakimwagika, asikaribie mtu na ndoo. Sachangwan 2009 tangi la petroli lilianguka likawaka moto na zaidi ya watu 100 walikufa, wengi wao walikuwa wameenda kuchota.

Sasa mwanao, ambae ndie aliyekufanya uandike. Mpaka hayo yote yafanyike, msindikize ama wapangieni watoto waende kwa kundi na mtu mzima, saa za jioni hasa. Mfunze mambo matatu na umuonyeshe pale pale njiani, si kwa maneno. Trela ikiwa imesimama hapiti mbele yake wala nyuma yake, asubiri ipite hata kama ni dakika kumi na mwalimu atagomba, mimi niko radhi uniandikie nimpigie huyo mwalimu. Trela ikiwa inakaribia kona yeye asisimame konani upande wa ndani, aingie uani kwa mtu ama arudi nyuma hatua nyingi mpaka nyumba ya pili. Na ajue kwamba kama yeye haoni uso wa dereva basi dereva nae hamuoni. Mpeleke mbele ya trela iliyoegeshwa na injini imezimwa, dereva akikubali mpandishe mtoto kwenye siti ya dereva, wewe simama chini mbele ya bampa na umuulize mama yuko wapi. Wengi wa madereva wana watoto pia, watakubali.